Rangi ya Ukuta wa Biashara: Kopo la Ng'ambo au Udongo wa Kisarawe?

Mwananchi apitaye barabara ya Morogoro, kutoka Maili Moja kwenda Mlandizi, huona jinsi nyumba za biashara za Kibaha zinavyovuliwa vazi moja na kuvishwa jingine. Zamani, ndani ya nyumba ya wageni, mgahawa au duka la dawa, ukuta aghalabu ulikuwa wa namna mbili: ama chokaa nyeupe kutoka juu hadi chini, ama nusu ya chini, hadi usawa wa kifua, imepakwa rangi ya mafuta ya kijani au ya buluu ili alama za mikono zisionekane. Sasa yameingia makopo ya rangi za joto. Miongoni mwake imo moja ambayo si ya waridi, si ya manjano wala si ya chungwa, bali imekaa katikati ya hizo tatu, ikafifishwa kwa weupe hata ikawa laini machoni.

Rangi hiyo Waingereza wameipa majina ya matunda mawili. Ikielekea wekundu huitwa kwa jina la fyulisi, tunda ambalo wakulima wa Lushoto na wa nyanda za juu za kusini hulijua kwa jina la pichi. Ikielekea umanjano huitwa kwa jina la aprikoti, ndiyo mishmishi ya Waarabu, ambayo wengi wetu wa mwambao tumeiona ikiwa kavu tu, dukani, ukaribiapo mwezi wa Ramadhani. Msimu wa tunda hilo ni mfupi mno, hata Wamisri wakitaka kusema kwamba jambo halitatokea kamwe, husema litakuwa kesho, wakati wa mishmishi. Mtu wa Kisarawe hana haja ya kwenda mbali hivyo. Apasue papai lililoanza kuiva, aangalie nyama iliyo karibu na ganda, ataiona rangi tunayoizungumza.

Huenda msomaji akauliza: katika ukurasa ambao hujadili korosho, barabara na maji, rangi ya ukuta yatafuta nini? Jibu ni kwamba rangi ni matumizi ya fedha yasiyokwisha, maana ukuta wa biashara hupakwa upya kila baada ya miaka michache. Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Mwananchi wa Mafia mwenye shauri lake mkoani huvuka bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, akashika njia ya barabara hadi Kibaha, na usiku akalala katika nyumba ya wageni. Ukuta anaoutazama kabla ya kuzima taa unalipiwa kwa fedha yake. Tutaonyesha hapa chini kwamba waweza pia kuwa umelipiwa kwa bahari yake.

Tuanze na asili ya mtindo wenyewe. Kampuni moja ya Marekani iitwayo Pantone, ambayo kazi yake ni kuzipa rangi namba ili wenye viwanda wapate kuelewana, imekuwa ikitangaza "rangi ya mwaka" tangu ule wa 2000. Kwa mwaka 2019 ilitangaza rangi ya namna hii iliyokolea zaidi, ikaiita "matumbawe hai". Kwa mwaka 2024 ikatangaza nyingine iliyofifia, ikaiita kwa jina la manyoya laini yaliyo juu ya ganda la fyulisi. Tangazo kama hilo likitoka, wauza vitambaa, vigae na rangi za ukuta hulifuata, na baada ya muda wimbi hufika hata kwenye meza ya fundi wetu likiwa katika kitabu kidogo cha vipande vya rangi, mteja akaambiwa achague. Hatusemi kwamba rangi ni mbaya kwa kuwa imetoka ng'ambo. Tunasema mteja anauziwa kwa bei ya kopo kitu ambacho amekikanyaga njiani alipokuwa akija dukani.

Maana udongo wa vilima vya Pugu na wa vijiji vya Kisarawe ndio huo huo. Pale barabara ilipokata kilima utaona matabaka: juu wekundu wa matofali, chini yake umanjano, na mahali pengine weupe. Wekundu na umanjano huo hutokana na chuma kilichomo udongoni, kilichoshika kutu kwa karne nyingi. Weupe ni wa udongo uitwao kaolini, ambao Pugu inasifika kwao kwa wingi wake, na ambao hutumika katika kutengeneza vyombo vya kauri, karatasi na hizo rangi za makopo zenyewe. Mahandaki ya machimbo ya zamani yangali yapo, na wenyeji wake siku hizi ni popo. Basi chukua wekundu kidogo na umanjano zaidi kidogo, uvizamishe katika weupe mwingi, na utakachopata ni rangi ya mishmishi. Ukizidisha wekundu utapata ya fyulisi. Hapana uchawi.

Lipo na jambo jingine ambalo wafinyanzi wetu wanalijua kwa mikono hata kama hawakulisoma katika kitabu cha kemia. Udongo wa manjano ukikaangwa hubadilika kuwa mwekundu. Umanjano ni chuma kilichoungana na maji. Moto ukifika takriban nyuzi 300, yale maji hutoka na kubaki wekundu. Fundi mwenye kikaango cha bati, kuni kidogo na subira anaweza kuuanza udongo mmoja ukiwa wa mishmishi akaumaliza ukiwa wa fyulisi, akisimama katika hatua yoyote impendezayo. Udongo huo kwanza huoshwa: hukorogwa katika maji mengi, mchanga ukazama, tope laini likamiminwa katika chombo cha pili, likaachwa litulie, likaanikwa, likasagwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Rangi ya namna hii haipaushwi na jua wala hailiwi na ukali wa chokaa, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa kila rangi ya kopo.

Chokaa ndiyo inayoishika ukutani. Chokaa iliyochomwa huzimwa kwa maji, nayo huchemka kwa nguvu hata kuweza kumpofua mtu, kwa hiyo kazi hiyo isifanywe na watoto wala bila kinga ya macho. Baada ya kuzimwa huachwa ndani ya maji kwa majuma kadhaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa laini. Ikishachujwa huongezwa maji hata ikawa nyepesi kama maziwa, ndipo udongo ulioloweshwa tangu jana yake ukatiwa. Kipimo cha udongo kisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo ukuta utawapaka wateja mabegani. Ukuta hurushiwa maji kwanza, na rangi hupakwa kwa tabaka nyembamba, tatu hadi tano. Hapa ndipo mwenye nyumba asiyejua humfukuza fundi bure, kwa sababu chokaa mbichi huonekana imekolea mno, kisha ikikauka hupauka. Chokaa haikauki kama tope likaukavyo, bali huvuta hewa ya ukaa kutoka katika hewa tunayopumua na kurudi kuwa jiwe. Kwa sababu hiyo ukuta wake huendelea kutoa unyevu nje, wala hauvimbi malengelenge wakati wa masika kama ukuta uliofungwa kwa rangi ya mafuta.

Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji somo hili. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na Mamlaka ya Uhifadhi iliyoundwa mwaka 1985 imekuwa na kazi ya kuwaeleza wenye nyumba kwamba lipu ya saruji juu ya ukuta wa namna hiyo huzuia unyevu ndani na kuubomoa polepole. Kibaha si Mji Mkongwe. Kuta zake nyingi ni za matofali ya saruji. Hata hivyo chokaa hushika juu ya lipu ya saruji maadamu haijawahi kupakwa mafuta. Ikiwa imekwisha kupakwa, hapana njia ya mkato: rangi ya mafuta hukwanguliwa yote, na gharama hiyo fundi mwaminifu huitaja mapema.

Sasa tufike kwenye bahari. Katika visiwa vyetu chokaa kwa muda mrefu ilitengenezwa kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuru la magogo. Yako matumbawe ya aina mbili, na aghalabu watu wa bara hawatofautishi. Kuna mawe ya matumbawe ya kale yaliyoko nchi kavu, ambayo yamekuwa jiwe tangu zama ambazo bahari ilikuwa juu zaidi. Na kuna matumbawe yaliyo hai, ambayo hung'olewa majini wakati wa maji kupwa kwa mitaimbo. Haya ya pili ni nyumba ya samaki, na ni boma linalovunja mawimbi kabla hayajafika pwani. Huko Mafia uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya ujenzi na chokaa ulifikia kiasi cha kutia hofu, na ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa kabla ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia kutangazwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 1994. Tusiwalaumu wachomaji peke yao. Tanuru huwaka kwa sababu yupo mnunuzi. Aidha, kila tanuru hula kuni, na kuni hizo hutoka katika miti ya visiwa ambavyo havina misitu ya kuchezea.

Kwa hiyo pendekezo la kurudi kwenye chokaa, likitolewa ovyo, laweza kuwa pendekezo la kuwahamishia wana-Mafia gharama ya urembo wa Kibaha. Itakuwa kejeli kubwa mwenye mgahawa wa Picha ya Ndege akipaka rangi iliyopewa jina la matumbawe hai kwa chokaa iliyotokana na matumbawe hai kwelikweli. Lakini chokaa ya nchi kavu ipo. Tanga ina miamba ya chokaa na viwanda vyake, na mfuko wa chokaa ya kiwandani hufika Kibaha kwa lori. Kisarawe nayo ina kaolini. Kaolini peke yake haishiki. Ukipitisha mkono huondoka nayo. Hutaka gundi, iwe ya uji wa unga uliopikwa vizuri au ya maziwa yaliyogandishwa, na katika chumba kikavu kisichoguswa na mvua hukaa vema, ikatoa ukuta mkavu usiong'aa, ambao macho huupenda. Kwa dari na kwa kuta za ndani za vyumba vya kulala hapana haja ya chokaa kabisa.

Tusije tukauponya mwamba wa Mafia kwa kuujeruhi msitu wa Kisarawe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekwisha kuteswa vya kutosha na wachoma mkaa, na ina viumbe na mimea isiyopatikana mahali pengi duniani. Udongo wa rangi unaotakiwa ni kidogo sana, debe moja hupaka nyumba nzima, na waweza kuchukuliwa katika kingo za barabara zilizokwisha kukatwa na katika machimbo ya kifusi yaliyokwisha kufunguliwa kwa kibali. Hapana sababu ya kukata hata mti mmoja.

Je, rangi yenyewe yafaa wapi? Hapa wauzaji husema maneno mengi kuliko wajuavyo. Mteja huambiwa kwamba rangi hii huleta njaa, kwamba hutuliza hasira, kwamba huvuta fedha. Ahadi za namna hiyo zina historia. Mwaka 1979 wakuu wa gereza moja la jeshi la majini mjini Seattle, Marekani, walipaka chumba rangi ya waridi kwa ushauri wa mtafiti Alexander Schauss, ikasemekana kwamba wafungwa walitulia. Habari ikaenea, magereza mengine yakaiga. Majaribio ya baadaye, yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi, hayakuthibitisha. Rangi haimwamuru mtu.

Linalothibitika ni jambo la macho. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi hubadilika kuonekana kwake kwa sababu ya jirani yake. Wafumaji walilalamika kwamba uzi mweusi umefifia, naye akaona kwamba uzi haukuwa na kosa, bali nyuzi zilizouzunguka ndizo zilizoufifisha. Kanuni hiyo yatosha kumwongoza mwenye duka. Chumba kilicho chini ya mwembe, ambacho mwanga wake umechujwa na majani, huwa na ukijani unaowafanya watu waonekane kama wagonjwa. Ukuta wa rangi ya fyulisi huuondoa. Chumba chenye uwanja wa udongo mwekundu mbele yake kimekwisha kupokea wekundu huo kutoka ardhini kila jua linapowaka, na kukiongezea ni kukiunguza. Hiki hutaka weupe wenye umanjano mdogo tu. Usiku ni jambo jingine tena. Masanduku ya taa za umeme huandikwa kipimo cha mwanga: 2700 ni mwanga wa joto kama wa kandili, 6500 ni mwanga wa baridi wenye ubuluu. Chini ya taa ya 6500 ukuta wa fyulisi hufa, ukawa kama saruji chafu. Mwenye mgahawa akishatumia fedha ukutani asiharibu kazi yote kwa taa.

Nyumba ya wageni, mgahawa, saluni na sebule ya hoteli vinafaidika na rangi hii, kwa kuwa huwapendeza watu wa ngozi zetu na haiumizi macho kama nyeupe kali. Duka la kanga na vitenge halifai kabisa. Mwanga unaorudi kutoka ukutani huipaka nguo, na mama akifika nyumbani akakuta kanga si ile aliyoichagua, ana haki ya kugomba. Zaidi ya yote isitumike katika zahanati, chumba cha wazazi wala duka la dawa linalopima wagonjwa. Umanjano wa macho na ngozi ni dalili ya ugonjwa, hasa kwa mtoto mchanga, na ukuta wa mishmishi waweza kuuficha machoni pa muuguzi aliyechoka. Hapo weupe wa chokaa haujapata mpinzani.

Jambo hilo la afya lina upande wake mwingine. Rangi za mafuta za manjano na nyekundu kwa miaka mingi zilipatiwa ung'avu wake kwa kromati ya risasi, na vipimo vilivyofanywa katika nchi nyingi, yetu ikiwamo, vimekuta risasi zaidi katika makopo ya rangi hizo kuliko katika meupe. Risasi huharibu akili ya mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kikomo kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika milioni. Mwenye kununua kopo la rangi ya joto ana haki ya kuuliza alama ya Shirika la Viwango na kusoma kilichoandikwa. Fundi anayekwangua rangi ya zamani ya mafuta asiikwangue kavu kwa msasa, vumbi likajaa katika chumba wanamolala watoto wa mwenye nyumba, ailoweshe.

Twawageukia sasa watumishi wa Serikali, kwa kuwa wao ndio wateja wakubwa kuliko mwenye gesti yeyote. Stendi, masoko, kumbi na ofisi za halmashauri hupakwa kwa fedha ya umma, na kinachoandikwa katika jedwali la kazi na gharama ndicho mkandarasi atakachonunua. Maadamu jedwali linasema rangi ya kopo, udongo wa Kisarawe utabaki njiani. Mhandisi wa halmashauri anaweza kuandika chokaa ya nchi kavu yenye udongo wa rangi, pamoja na sharti kwamba muuzaji aonyeshe chokaa imetoka wapi. Sharti hilo moja lingefanya kazi kubwa kwa bahari ya Mafia. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ina maabara ya kupima udongo, na SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, halihitaji kufundishwa maana ya kinu cha kusagia na kichungio. Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo sheria imeitenga kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha kuosha, kukaanga na kufungasha udongo wa rangi kinahitaji mtaji mdogo kuliko kikundi cha bodaboda. Tunashangaa kwamba vikundi vya namna hiyo si vya kawaida.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Watasema chokaa hutoka vumbi, haioshwi kwa sabuni, na mkandarasi hataki kazi ya tabaka tano. Mawili ya kwanza yana ukweli. Nyuma ya meza za kulia chakula na katika korido zenye watu wengi, usawa wa kifua bado unahitaji rangi ya kuosheka, na wazee waliopaka nusu ya chini kwa mafuta hawakuwa wajinga. La tatu ni uvivu. Wapo pia wenye maduka ambao kuta zao hupakwa bure na makampuni ya simu na ya soda, nje na ndani, kwa rangi kali za makampuni hayo, nao hufurahi kwamba hawakutoa senti. Wamekodisha uso wa duka lao kwa bei ya makopo mawili, na mteja akitoka hukumbuka jina la soda, si jina la duka.

Mkoa ungeweza kuanza na chumba kimoja: ukumbi wa kusubiria ambamo wananchi kutoka Mafia, Rufiji na Kisarawe huketi pamoja wakingoja kuitwa. Masika yakishapita udongo huwa umekauka na kuchimbika. Uliochimbwa Juni, ukaoshwa na kukaangwa Julai, na chokaa ikazimwa wakati huo huo, unaweza kuwa ukutani Septemba, kabla ya vuli kuanza. Mwaka wa pili kuta zitakuwa zimekwisha kupitiwa na masika mengine, na mhandisi atakuwa na kitu cha kupima.